Makoti Mawili

Wageni wakija maabara, hapa Concepción,
huinamia kidirisha cha chumba kisicho hewa
wakivuta pumzi, wapate kusikia harufu.
Jina limewaponza:
ukoo wa manukato, ndivyo tuuitavyo,
na manukato yenyewe hayapo.
Kuna kisahani cha alumini, leza inayokidonoa,
na heliamu ipulizayo ule moshi wa atomu
hadi nne zishikane
kwa kitambo kisichotosha kupiga chafya.

Mraba. Pande nne, sawasawa.
Juu yake sodiamu moja, kama kifuniko cha sufuria.

Usiku ule mvua ilipiga mabati.
Baltasar, mwaka wake wa kwanza, akaniuliza:
"Zile elektroni mbili, bi Eduvina,
zinazoelea juu na chini ya mraba,
ni za atomu ipi?"

Nikamwambia habari za Lota.

Tulikuwa wasichana wanne. Baba yu shimoni,
kwenye makaa ya mawe chini ya bahari.
Makoti ya sufu, mawili.
Aendaye kwenye tanuri la mtaa, avae;
arudiye avue mlangoni, mwenzake atie mkono
mkono wa koti ungali na joto la dada.
Jirani hakuweza kusema hili la Eduvina,
lile la Rosalba.
Makombo ya mkate mfukoni yalikuwa ya yeyote.
Hakuna aliyekuwa na koti.
Hakuna aliyepigwa na baridi.

Kisha mjomba akaja kutoka Antofagasta
na mengine mawili, mapya, yenye vifungo vya shaba.
Tulishangilia, ndiyo. Kila mmoja na lake,
kila koti na msumari wake.
Sijui ilianza lini.
Rosalba na Mercedes walisogeza kitanda dirishani,
mimi na Nolfa tukabaki upande wa jiko.
Nyumba ikarefuka katikati.
Hata kucheka, tulicheka wawili wawili.

Baltasar alikuwa ameshaandika:
elektroni nne, mstatili.
Kalamu ikasita.
"Makoti usiyaandike," nikamwambia,
"andika urefu wa pande."

Tukapiga leza tena. Kilele kikasimama
palepale pa jana.
Saa kumi na moja alfajiri nikafunga vali,
nikalitoa koti langu msumarini,
langu peke yangu miaka arobaini,
nikatia mkono.
Baridi, hadi kwenye kifundo.