Vitu vya Kuchakaa

Saa kumi na moja na nusu, Ipuli bado haijapiga mswaki,
nawasha gari, na gari linapiga yowe.
Si mlio wa chuma. Ni kilio cha mbuzi anayeijua sikukuu,
kinapanda, kinakatika, kinapanda tena,
hadi mwanangu Kasanda anauliza toka dirishani:
"Mama, leo umemchinja nani?"

Majirani wameacha kutega saa.
Mama Zuwena wa chapati ananiambia asante
kwa uso wa mtu asiyeshukuru.

Nilianza na dawa za nyumbani, kama tunavyoanza sote.
Kipande cha sabuni ya mche nikakisugulia mkanda,
ukanyamaza mpaka Kanyenye,
halafu ukakumbuka ulichokuwa ukisema.

Fundi Sizya hakushika spana.
Aliomba chupa ya maji,
akaunyunyizia mkanda ukizunguka,
kichwa upande,
kama mkunga anayesikiliza tumbo.
"Ungenyamaza kwa maji, ningesema ni mkanda.
Umezidi. Basi ni roda inayoukaza, imelegea.
Mkanda unateleza, unalia.
Anayelia siye aliyekosea."
Kisha akafuta mikono. "Una waranti? Basi sigusi.
Nikilegeza nati moja tu, wameshinda."

Waranti ninayo.
Imo katika bahasha ya kaki, chini ya vyeti vya watoto:
mwaka mmoja wa muuzaji, na mitatu ya nyongeza
aliyoinunua Mihayo kwa pesa ya asali,
nami nikamnunia siku mbili.
Laki nne za karatasi, na paa linavuja!
Akacheka. "Mwavuli, Nyamizi,
haununuliwi ukiwa umeshalowa."
Saini yake ile ile: M iliyojilaza kama ng'ombe aliyeshiba.

Nikapiga simu. Muziki, muziki, kisha sauti changa kutoka Dar:
"Mkanda haumo, mama. Mkanda ni kitu cha kuchakaa."
Nikamwambia habari ya roda.
Nikamsomea ukurasa wa nne, kifungu cha saba,
herufi ndogo kama mayai ya chawa.
Akanyamaza. Nikamsikia akifunua kurasa.
"Ni kweli, imo.
Naomba sasa niongee na mmiliki, ndugu Mihayo."

Nje gari lilikuwa bado linalia,
Sizya hajalizima.

"Hayupo."
"Atarudi lini?"
Nikamwambia yeye hakuwa na nyongeza.

Sijui yule kijana alielewa nini, na lini.
Alisema pole. Akakohoa. Akasema nitume cheti,
akakitaja kwa jina lake lote,
nakala iliyogongwa muhuri.

Siku kumi na tisa.
Roda ikaja na basi la usiku, ndani ya boksi,
nami nikaisainia pale stendi kwa kalamu ya kondakta.
Mkanda nilinunua mwenyewe, elfu arobaini na tano;
kila mkataba una mahali unapokutua na mzigo wako.

Sizya akafunga vyote viwili kabla chai haijapoa.
Gari likawaka, likanong'ona tu.
Mkanda wa zamani, uliopasuka ndani kama kisigino cha kiangazi,
naufungia ndoo za asali nikitoka Sikonge.
Haulii siku hizi. Unabana.

Kesho yake Mama Zuwena alichelewa kukanda unga,
wateja wakasimama na njaa zao.
"Umeuza gari?" akaniuliza, kwa hasira kidogo.

Sijauza.

Na boksi lile sijalitupa.
Lipo juu ya kabati, jina lake kwa herufi kubwa,
MIHAYO, TABORA,
na chini yake mshale na amri ninayoitii
kila ninapofuta vumbi:
UPANDE HUU JUU.