Mfuko wa Mbolea

Saa kumi na robo alfajiri Aquitania yote yanuka vitunguu.
Ziwa lipo kulia, silioni,
nalisikia tu likilamba mawe.
Soksi jozi mbili, gazeti la juzi kifuani chini ya fulana,
chupa ya maji ya sukari guru, bado moto,
na taa ndogo inayomulika kama inaomba radhi.

Mireya, macho yamefumbwa:
"Waenda wapi?"
"Nashuka Sogamoso."
"Kuna nini?"
"Hakuna. Nashuka ili nipande."
Akajivutia blanketi lote.

Mchana napima vitunguu ghalani kwa Abelardo.
Nikiinua kifungu najua uzito kabla ya mizani.
Zangu pia nazijua, kilo themanini na moja,
na kwenye kona ya saba kila moja huniita kwa jina.
Waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma,
hawakuwa na gia nane zenye meno yaliyolika.
Huku ngoma ni kupanda.
Hewa ya mita elfu tatu ni mkopo wa benki:
wapewa kiduchu, walipa mara mbili,
na malori ya maziwa yanakupita yakikupulizia riba usoni.

Mwezi wa pili akajiunga nami Rosendo, daktari wa meno.
Baiskeli yake nyepesi kuliko mkoba wa mkewe.
Akakaa nyuma ya tairi langu
kama stempu juu ya bahasha.
Mimi naula upepo, yeye anaupunga.
Sikusema kitu.
Kuna utamu katika kumvuta mtu,
sijui wautwaje, sijaukuta tena mahali pengine.

Ikaja Jumapili ya sikukuu ya mji.
Mbio za waliovuka arobaini, kuzunguka ziwa na kipande.
Wa kwanza: kondoo dume na bahasha.
Wa kumi: mfuko wa mbolea, kilo hamsini.
Wa kumi na moja: mkono wa padri.
Mimi sikuota kondoo.
Mtu wa miaka arobaini na sita huota kwa kiasi.
Nilitaka mbolea.

Fataki ikalia, nyumbu wa mtu akakata kamba,
tukaondoka tukimkwepa.
Kwenye kilima cha kwanza kundi likakatika kama uzi mbovu.
Mchinjaji wa Firavitoba alitapika bila kushuka,
akafuta mdomo, akaendelea. Nilimheshimu.
Tukabaki kumi na watatu. Mmoja akapata pancha.
Mmoja akasimama tu, akaketi kwenye nyasi, akatazama maji.
Nikahesabu migongo kama nihesabuvyo magunia,
pamoja na wangu, pamoja na wa Rosendo:
kumi na moja.
Mmoja amezidi.

Mita mia nane kabla ya mstari, tisa wakatutoka.
Mita mia mbili nikasimama juu ya pedali,
magoti yakinukuu madhambi yangu yote,
nikaona utepe, nikaona mifuko imepangwa ukutani,
na kivuli kikanipita kushoto
kikihema pumzi niliyomtunzia mimi mwenyewe
tangu mwezi wa pili.
Nusu gurudumu.

Mkono wa padri ulikuwa mkavu, wanukia uvumba.
Mireya hakuuona mwisho.
Alikuwa kwenye foleni ya mahindi ya kuchoma.

Jumatatu nilipita kliniki.
Mfuko umeegemezwa mlangoni, haujafunguliwa,
unazuia mlango usijifunge.
Daktari hana hata kopo la ua.

Jumanne, saa kumi na robo, taa getini kwangu.
Hakusema, sikusema.
Kwenye njia kuu nikamwambia: "Leo wewe mbele."
Akatangulia.
Sikujua kama nyuma ya mtu kuna kimya namna ile.
Upepo wapita juu kama jambo la watu wengine.
Nilisikia mnyororo wangu. Nilisikia bata majini.
Nikamwelewa, karibu nimsamehe.

Kona tatu tu.
Kisha ikabidi nitoke, nirudi mbele,
maana mashimo hakujua yalipo.