Sehemu za Siri

Nilitafuta daktari asiyejua lugha yangu.
Nikazunguka Ruwi nikisoma vibao vya zahanati,
jina la Kihindi, jina la Kimisri,
nikachagua la mbali kabisa na kwetu.
Kumbe mwenyewe yuko likizo,
na kitini pake kakaa mzee Suud Hamdun, mzaliwa wa Wete,
anayetamka "mwanangu" sawasawa na shangazi yangu.

Kiarabu changu ni cha viyoyozi:
gesi, feni, paipu, kesho inshallah.
Hakina neno la kule.
Na Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote,
kikishafika kiunoni hufumba macho,
kikasema utupu, kikasema maumbile,
kikasema sehemu za siri.

Nikasema: Daktari, ni rafiki yangu.
Akasema: Basi rafiki yako avue suruali.

Nikamwonyesha nilivyovikeshea mwezi mzima:
vipele vidogo, vyeupe, vimejipanga duara
kama ushanga uliotungwa na mtu mwenye subira.
Nilivihesabu bafuni, wenzangu saba wakigonga mlango.
Nilivipaka shabu. Nilivipaka krimu ya ukurutu
niliyouziwa na kijana wa duka la dawa bila kuinua macho.
Niliviosha kwa dawa ya sakafu mpaka ngozi ikalia.

Akavaa glavu, akainama na tochi,
akacheka kidogo, si kwa dharau.
"Hivi? Hivi vimekuja na ndevu zako.
Si ugonjwa, havimwambukizi mtu.
Vitabuni wanavifananisha na lulu."

Lulu!
Mababu wa Ghuba hii walizizamia, pua zimebanwa kwa kibano,
wengine hawakuibuka.
Mimi nimepewa bure, nazisugua kwa dawa ya sakafu.

Nikapandisha suruali.
"Ngoja," akasema. "Na hili kovu?"

Lile? Lile si kitu.
Kidonda kimoja tu, kadiri ya punje ya dengu, kingo ngumu,
kilitoka nikiwa likizo nyumbani, Mtwapa.
Hakikuuma. Nikadhani zipu.
Kikaondoka chenyewe, kama mgeni mwenye adabu.

Daktari akavua miwani.
"Kinachouma hupiga kelele, kikasikika.
Wewe muogope anayeingia bila hodi
na kutoka bila kuaga."

Akachota damu. Nikauliza kama itafika kwa kafili.
Akaandika kwanza, akafunga kalamu, ndipo akasema:
"Hii ni ya kukutibu."
Kisha akanirudisha nyuma siku kwa siku,
kama fundi anayefuata waya ukutani:
likizo; kabla ya likizo, juma moja, Buraimi,
hoteli yenye viyoyozi thelathini,
na usiku mmoja, na mwanamke
ambaye sikumuuliza jina.
Nilimuuliza bei.

Alhamisi ugonjwa ukapata jina: kaswende.
Neno la zamani, nililisikia utotoni watu wazima wakitukanana.
Sikujua kwamba bado linasafiri.

Sindano mbili, tako hili na tako lile,
nzito kama asali iliyoganda.
"Utapona," akasema, akisukuma taratibu.
"Na mkeo, nani atamdunga?"

Sasa nimekaa juu ya paa, Wadi Kabir,
katikati ya mashine zinazopulizia nje joto la vyumba vya watu.
Jua limezama zamani, hewa bado inachoma.
Simu mkononi. Mwanamkasi yuko hewani.
Naandika: Habari za huko. Nafuta.
Naandika: Nenda kapime damu, ni kawaida tu.
Nafuta "ni kawaida tu".
Nafuta yote.
Siri hii ina sehemu mbili:
moja ninayo, moja anayo yeye na hajui.

Ananiandikia: Mbona naona unaandika, unaandika,
na hakiji kitu?

Halafu anapiga.
Nainuka, nikichechemea kwa zile sindano,
nasogea ukingoni, mbali na mashine,
ili asikie vizuri.