Wewe

Fomu ilikuwa na kurasa ishirini na sita.
Waliuliza kama nina mbwa, kama navuta sigara,
kama marehemu Tauno alikuwa mtu wa hasira,
kama ziwa lililo nyuma ya nyumba lina uzio.
Hawakuuliza kama najua kulala sakafuni.

Pirjo wa ustawi wa jamii alikuja Februari,
akavua viatu mlangoni, soksi zimelowa theluji,
akahesabu madirisha, akapima chumba cha juu kwa macho.
"Una miaka hamsini na minane," akasema. Halikuwa swali.
Nikamwambia nimetengeneza injini za mabasi miaka thelathini,
na injini inayopiga kelele haijanitisha bado;
inayonyamaza ndiyo huninyima usingizi.
Akaandika kitu. Sikuona alichoandika.

Eetu alifika Novemba na mfuko mmoja wa plastiki
na faili nene kama Biblia ya kanisani.
Miaka kumi na mitatu. Nyumba kumi na moja.
Kifafa. Usingizi wa vipande. Hukimbia. Huuma.
Dawa saa mbili asubuhi, dawa saa mbili usiku,
asiguswe begani, asifungiwe mlango,
asiambiwe "subiri" bila kuambiwa mpaka lini.
Faili ilijua yote hayo
wala haikujua kwamba hupiga chafya mara tatu,
daima tatu, kisha hutazama nani amehesabu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.
Na aliyelelewa na milango kumi na moja?

Usiku wa kwanza alilala chini ya meza ya jikoni.
Nikashusha godoro langu, nikalala upande wa pili,
kati yetu miguu minne ya meza, na giza.
Jokofu peke yake ndilo lililozungumza.

Juma la tatu akavunja vioo vyote vya sebuleni,
vya nje na vya ndani, maana huku kaskazini ya Ufini
kila dirisha ni mawili.
Baridi ikaingia, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga.
Nami nikakaa nayo, koti mwilini, nimeshika tama,
namba ya Pirjo mkononi, sijaipiga.
Niseme kweli: niliipiga. Ikaita mara mbili, nikakata.
Si ushujaa. Nilisikia chafya huko juu.
Moja. Mbili.
Nikangoja ya tatu, haikuja,
nikapanda ngazi mbilimbili.

Alikuwa chini, mwili unatikisika.
Nikamlaza ubavu, nikatazama saa kama nilivyofundishwa.
Dakika moja na nusu. Nimewahi kuishi miaka mifupi zaidi.
Alipofumbua macho, mkono wangu ulikuwa begani mwake.
Sote wawili tukautazama.
Hakuuma.

Machi, nikibadilisha foronya, nikakuta mkate mweusi,
vipande kumi na tisa, vigumu kama gome la mti.
Mama yangu angefoka. Mimi nilishuka stoo
nikatoa sanduku la bati la spana za Tauno,
nikalisugua mpaka harufu ya grisi ikakubali kuondoka,
nikaandika EETU ubavuni,
nikatia mkate mzima, nikaliacha kitandani.
Kila jioni natazama. Kila jioni najaza.
Hatujawahi kulizungumzia.

Hii haijawa nyumba ya picha za kalenda.
Jana amenirushia kikombe. Juzi shule walipiga simu.
Mwenye duka huniuliza, "Bado unaye?"
kana kwamba ni mafua.

Haniiti mama. Mama anaye, yuko Kajaani,
huahidi kuja kila Jumamosi.
Raili pia haniiti.

Leo asubuhi barafu ya ziwa imeanza kuguna,
nipo jikoni napima dawa kwenye kijiko,
naye kasimama ngazini, nywele timtim,
sanduku kalikumbatia kifuani.
"Wewe," akasema. "Jana umesahau."

Kweli nilisahau.
Nikachukua kisu, nikakata mkate.