Uzi wa Juu, Uzi wa Chini

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Kumi na Mbili,
kabla jirani yangu Bi Msimu hajawasha jiko la maandazi,
nilikuwa nakaa mbele ya cherehani kama aliyeitwa shaurini
na naanza: Bwana, kodi. Bwana, goti. Bwana, Yusto
na ile barua ya chuo isiyofika.
Hodi sikubisha. Shikamoo sikusema.

Hapa Tanga hata anayekuja kuomba chumvi
huanza na umeamkaje, na watoto, na ule mguu umepoa?
Chumvi huja mwishoni, imejitanda khanga.
Mimi kwa Mungu wangu nilitanguliza bakuli,
uso ukafuata nyuma.

Katekista Chambai akanitazama juu ya miwani yake yenye kamba:
Mama Yusto, sifa kwanza.
Nikatii. Nikanunua daftari la mia tano,
nikapiga mstari katikati kwa rula ya kukatia vitambaa:
kushoto Wewe, kulia mimi.
Kushoto nikajaza Mkuu, Mwenye enzi, Mwenye rehema,
maneno makubwa yaliyopigwa pasi,
na jicho langu likichungulia kulia.
Nilijua ninachofanya. Wateja hunifanyia hivyo hivyo:
"Fundi, mikono hii! Ngamiani nzima hakuna,"
halafu wanaomba nipunguze bei.

Masika yale Yusto akalazwa Bombo,
homa imempanda hadi anamwita baba yake, tuliyemzika Muheza.
Daftari lilibaki nyumbani.
Kwenye benchi la wodi, kando ya mwanamke wa Pongwe
aliyekuja na kikapu cha machungwa ambayo hakuna aliyeyamenya,
nilitafuta neno moja la sifa, nikalikosa.
Nilikuwa na "tafadhali" tu.
Nikalisema hadi likachakaa, likabaki nyuzi,
na karibu na kupambazuka nikajisikia ninavyolisema,
nikashtuka.
Mtu habishi hivi
kwenye nyumba anayodhani ni tupu.

Yusto alipona. Sisemi ni kwa sababu hiyo.
Mtoto wa yule mwanamke hakupona,
na mama yake alikuwa amemwimbia Mungu usiku kucha, kwa sauti ya chini,
hakuomba kitu.
Aliniachia machungwa yake. Sijui nilimjibu nini.
Tangu hapo mtu akianza kunifundisha kanuni ya sala
naitazama mikono yangu.

Cherehani, lakini, naijua.
Uko uzi wa juu, unashuka mbele ya macho ya wote;
uko wa chini, umejikunja gizani ndani ya bobini,
hakuna anayeukumbuka mpaka uishe.
Ukikaza wa juu, kitambaa kinajikunyata.
Ukiulegeza, chini kunajaa vitanzi, kama maneno ya mlevi.
Na ile skrubu haina namba. Napima kwa kidole, kwa sikio,
kila kitambaa na tabia yake,
sare ya shule haishonwi kama shela.
Siku nyingine nakosea, nafumua.

Leo nimekaa. Mvua imekatika usiku.
Nimenyamaza, wala si kwa adabu:
mwanga wa dirishani ulipita katika tundu la sindano
nikasahau nilichokuja kuomba.
Nikakaa hivyo, sijui dakika ngapi,
nikifurahi tu kwamba Yupo.
Kisha nikakumbuka: kodi. Ndiyo, bado kodi.
Nikacheka peke yangu kama mwendawazimu,
nikamwambia yote kwa pumzi moja,
bila kuangalia lipi liko juu.

Hodi! Bi Msimu, na maandazi mawili kwenye sahani ya bati.
Umeamkaje, fundi? Na goti? Na Yusto, amekula?
Tukaongea mvua, tukaongea bei ya unga.
Halafu, akiwa tayari mlangoni, akageuka:
kama ninayo elfu mbili, mpaka Ijumaa.

Nilikuwa na elfu moja.
Nikampa. Akarudi, akakaa.