Majani ya Bitiruti

Huko Kakheti, Tsiala hatupi majani.
Bitiruti ikienda kwenye supu,
majani yake huchemka, hukamuliwa kwa ngumi,
hupondwa na jozi, kitunguu saumu, siki kidogo.

Vazha, mumewe, presha imempanda tangu Januari.
Daktari kapiga marufuku nyama. Vazha kanuna:
"Mimi si mbuzi."

Tsiala hakubishana.
Akafinyanga madonge, akayapachika punje za komamanga,
akaketi, akatafuna taratibu,
akiusikia ulimini udongo wa bustani yao.
Maganda yakarudi kwenye udongo huohuo;
maji ya kuoshea akaunywesha mnanaa.

Usiku wa manane kijiko kililia jikoni.
Hakuwasha taa.

Asubuhi bakuli lilikuwa jeupe pe.
Vazha akamsingizia mbuzi.