Mzizi, Nimesema

Lilifika Isevya ndani ya boksi la viatu
lililotobolewa matundu kama la kifaranga wa safari,
siku nzima ya basi na usiku wake, kutoka Usa River
ambako binti yangu Nyanzala huhesabu maua ya watu.
Lilikataliwa. Doa moja kwenye ulimi wa zambarau,
dogo kama punje ya ulezi,
na wanunuzi wa ng'ambo hawalipii doa.

"Mama, hii ni okidi. Usiizoee kama mchicha."
Nikacheka. Mchicha wangu mashemeji huomba mbegu.

Maua yakadondoka moja moja, bila kelele,
kama wageni wanaoagia mlango wa nyuma.
Majani yakalegea, sikio la mbuzi mwenye homa.
Nikafanya ninachokijua: nikamwagilia.
Kikombe kimoja alfajiri, kabla ya chai.
Sikujua kwamba Mihayo naye, akishazima redio usiku,
humimina maji yaliyobaki ya kumezea dawa ya presha,
na Kashindye, mjukuu, akitoka shule, chupa yake yote.
Kila mmoja kwa siri. Kila mmoja kwa saa yake
ya kumkumbuka Nyanzala.

Juni likanuka,
harufu ya kisima kilichoangukiwa na panya.
Nikaling'oa. Mizizi ya kahawia, mitupu,
ukivuta, ganda linavuka kama soksi, unabaki uzi.
Nilihesabu thelathini na mmoja ya kuzika.
Mitatu tu ilikuwa bado migumu.
Mezani nikauliza: nani?
Kashindye akatazama sahani, Mihayo akatazama dari.
Mimi nikatazama mikono yangu.

Mkasi wa cherehani nikaupitisha kwenye moto wa mkaa.
Nikakata. Kwenye vidonda nikapaka mdalasini
uliosalia pilau la Krismasi.
Kisha siku mbili juu ya kabati, bila tone.
Siku mbili!
Hata kuku wa kuchinja hunywa.

Usiku wa pili ndipo nikamwona baba,
msituni Sikonge, yuko juu ya mtundu anatundika mzinga,
na kwenye kiwiko cha tawi, majani manene bila udongo,
vijiua vya njano, mizizi uchi imekumbatia gome.
"Hao hawana shamba," alinitupia sauti. "Wanakula upepo."
Kumbe mgeni ana shangazi Sikonge.

Stoo kulikuwa na mzinga wake, umepasuka.
Nikavunja gome la ukubwa wa sinia,
bado linanukia nta,
nikalifunga ua kwa utepe wa kanga iliyochakaa,
nikalitundika dirishani, karibu na mtungi.
Jumamosi tu, dakika kumi, ndani ya maji ya mvua.
Siku nyingine, mikono nyuma.
Mihayo aliapa kwa jina la mama yake.
Ijumaa moja nilimfuma mbele ya dirisha, glasi juu.
Akainywa mwenyewe.

"Ua langu?" Nyanzala huuliza kwenye simu.
"Lipo."
Lipo, kama wanavyosema wauguzi.

Agosti vumbi. Septemba jani moja likaanguka,
sikumwambia mtu, nikaliweka ndani ya Biblia.
Oktoba, joto la kupasua midomo,
na mimi nimekalia mikono yangu.

Halafu, wiki ile bati lilipopigwa na matone ya kwanza,
nikaona ncha, kijani, ya kalamu ya mtoto.
Haikuelekea kwenye gome.
Ilitoka hewani, ikipapasa.

"Limetoa mzizi," nikamwambia.
"Na maua, mama?"
"Mzizi, nimesema."
Akanyamaza. Nyuma yake nilisikia mashine
zikinyunyizia mashamba ya watu.
"Unaelekea upande gani?"
"Wa dirishani," nikasema. "Wa barabarani."